William Gosset: Mtengenezaji bia aliyezipenda hesabu na kujificha katika jina la Mwanafunzi

MSAFIRI anayetoka Nanyuki kuelekea mjini Meru hupita Timau, ambako mashamba ya ngano na shayiri hugeuka rangi ya dhahabu majira ya mavuno yanapokaribia. Sehemu kubwa ya shayiri inayokuzwa humo haikusudiwi kuliwa. Hulimwa kwa mikataba, punje zake hukaguliwa unyevu na ubora, kisha hugeuzwa kimea cha kutengenezea bia.

Msimu hata msimu, mkulima wa shayiri na mnunuzi wake hukabiliwa na swali moja: kati ya mbegu mbili zilizopo, ni ipi iliyo bora? Kwa mtazamo wa haraka jibu ni rahisi. Panda zote mbili, vuna, pima, linganisha. Ila shamba moja lina mteremko na jingine ni tambarare. Huku mvua iliwahi, kule ikachelewa. Magunia mawili yaliyozidi kwa kila ekari huenda yakawa zawadi ya mbegu, na huenda yakawa zawadi ya bahati. Mwenye ekari tatu hawezi kurudia jaribio hilo mara mia moja ili apate uhakika.

Mtu aliyelishughulikia swali hilo kwa maisha yake yote ya kazi, na akalifurahia hadi siku zake za mwisho, ni Mwingereza William Sealy Gosset, mtaalamu wa kampuni ya bia ya Guinness aliyefariki mwaka 1937. Wasomi wa takwimu wanamfahamu kwa jina jingine. Kila aliyepitia somo hilo katika vyuo vikuu vya Embu au Meru, au kwingineko duniani, amekutana na jaribio la t la Student. Student, yaani Mwanafunzi, ndiye Gosset.

Alizaliwa Juni 13, 1876, mjini Canterbury katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Frederic Gosset, alikuwa kanali katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kijana alitamani kumfuata baba katika kikosi hicho. Macho yalimnyima nafasi; hayakuona vizuri kiasi cha kuwaridhisha wakuu wa jeshi. Alisoma Winchester, kisha akajiunga na New College katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alipata daraja la kwanza katika hesabu mwaka 1897 na daraja la kwanza tena katika kemia mwaka 1899.

Kijana mwenye vyeti vya aina hiyo alitarajiwa kubaki chuoni au kuingia katika utumishi wa serikali. Yeye alivuka bahari mwaka huohuo wa 1899 na kuajiriwa katika kiwanda cha Guinness mtaa wa St James's Gate jijini Dublin, Ireland. Kiwanda hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1759, na kufikia wakati huo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya bia duniani. Wakuu wake walikuwa wameanza kuajiri wanasayansi wa Oxford na Cambridge kwa sababu moja ya kibiashara. Kiwanda kikubwa hakiwezi kuendeshwa kwa ulimi na pua ya mpishi mmoja aliyezeeka kazini. Kosa dogo katika pipa moja ni hasara ndogo. Likirudiwa katika maelfu ya mapipa, laweza kuitikisa kampuni.

Wanasayansi hao vijana walikuta kiwanda kimejaa takwimu. Kulikuwa na vipimo vya shayiri, vya kimea, vya chachu, na vya hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu wake. Kabla ya Gosset kufika, mwenzake mmoja katika kampuni alikuwa amepima utomvu wa hopsi, akiwa na vipimo 11 upande mmoja na 14 upande mwingine. Wastani ulitofautiana kidogo. Je, tofauti hiyo ilikuwa ya kweli ama la? Hakuna aliyejua la kusema, maana elimu ya takwimu ya enzi hiyo ilitegemea mamia na maelfu ya vipimo. Kwa aliyekuwa na kumi au wanne, vitabu vilinyamaza.

Wenzake walimwona Gosset kuwa mtu wa kuendewa, kwa vile hesabu hazikumtisha. Kila aliyekwama na orodha yake ya vipimo alimpelekea, naye akazoea kazi hiyo na kuipenda. Hapakuwa na idara ya takwimu wala cheo cha mtakwimu. Alikuwa mtengenezaji bia aliyepata raha pale safu za namba zilipokataa kusema.

Mfano mmoja wa wakati huo unatosha kuonyesha akili yake ilivyofanya kazi. Kimea kilipimwa kiasi cha sukari, na kampuni ilitaka kipimo kisiupotee ukweli kwa zaidi ya nusu digrii. Swali lilikuwa kipimwe mara ngapi. Gosset alikokotoa kwamba ukipima mara mbili na kuchukua wastani, uwezekano wa kuwa ndani ya mpaka huo ni 4 dhidi ya 1. Ukipima mara tatu unapanda hadi 7 dhidi ya 1. Mara nne, 12 dhidi ya 1. Mara tano, 19 dhidi ya 1. Kwa kuwa kiwango cha 10 dhidi ya 1 kiliridhisha, vipimo vinne vilitosha. Hakuwapa wakuu wake somo la hesabu. Aliwapa bei ya uhakika, ili wao waamue ni kiasi gani wanataka kununua.

Mwaka 1904 aliwaandikia wakuu hao ripoti ya ndani kuhusu namna nadharia ya makosa ya vipimo inavyoweza kusaidia kazi ya kiwanda, na akapendekeza mtaalamu wa hesabu aombwe ushauri. Mtaalamu huyo alikuwa Karl Pearson wa University College, London, mwenye sifa kuu ya takwimu nchini Uingereza wakati huo. Mnamo Julai 1905 Gosset alipanda baiskeli na kumfuata Pearson mashambani alikokuwa akipumzika, wakazungumza kwa saa chache. Ziara hiyo ilifungua mlango. Kampuni ilimruhusu kwenda London mwaka 1906 kusoma katika maabara ya Pearson. Januari mwaka huohuo alikuwa amemuoa Marjory Phillpotts, mchezaji hodari wa magongo aliyewahi kuichezea timu ya wanawake ya Uingereza.

Pearson alikuwa mtu wa sampuli kubwa. Mpenda kukusanya vipimo vya maelfu ya watu haoni haja ya kuhangaika na vinne. Mgeni kutoka Dublin, hata hivyo, hakuwa na njia nyingine. Kila jaribio la mbegu lilikula msimu mzima, na kila kipimo cha maabara kilikula saa za mfanyakazi. Uchache wa namba ndiyo iliyokuwa hali halisi ya biashara, na ndiyo hali halisi ya mkulima hadi leo.

Njia aliyoitumia kujithibitishia inastahili kusimuliwa polepole. Kulikuwa na orodha iliyochapishwa ya vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa kila mmoja pamoja na urefu wa kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto. Gosset aliandika vipimo vya kila mtu kwenye kipande chake cha karatasi ngumu. Akavichanganya vipande vyote 3,000 kama mcheza karata, akavichomoa kimoja kimoja, akanakili, kisha akavigawa katika mafungu ya wanne wanne. Yakapatikana mafungu 750. Kwa kila fungu alitafuta wastani na mtawanyiko wake, akaangalia ni mara ngapi wanne hao waliukaribia ukweli wa wote 3,000 na ni mara ngapi waliukosa.

Leo mwenye tarakilishi na lahajedwali hufanya kazi hiyo kwa muda usiotosha kunywa chai. Gosset aliifanya kwa mkono, na matokeo yalikubaliana na kanuni aliyokuwa ameibuni kwa kalamu. Sampuli ndogo ina tabia yake. Hudanganya mara nyingi zaidi kuliko sampuli kubwa, lakini kiasi cha udanganyifu huo chaweza kupimwa mapema. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa mgawanyo wa t.

Makala yake yalichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika, lililohaririwa na Pearson. Guinness haikutaka wafanyakazi wake watangaze utafiti wao waziwazi, kwa hofu kwamba washindani wangegundua siri za kiwanda. Ilikubali Gosset achapishe kwa sharti la kuficha jina lake, na ndipo likazaliwa jina la Student. Mwaka 1907 alikuwa tayari amelitumia katika makala ya awali kuhusu namna ya kuhesabu chembe za chachu chini ya hadubini, tatizo jingine lililotoka moja kwa moja kwenye mapipa ya Dublin.

Msomaji asiyegusa pombe, nao si wachache katika nchi ya Meru ambako Wamethodisti wamehubiri tangu mwaka 1912, asidhani habari hii haimhusu. Kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya bia ndiyo inayotumika kulinganisha dawa mbili hospitalini na aina mbili za mahindi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Embu. Ndiyo pia iliyotumika katika majaribio yaliyofanywa pamoja na wakulima wa Embu na Chuka kutafuta kama samadi na majani ya tithonia yanaweza kusaidiana na mbolea ya dukani kuurudishia udongo rutuba.

Kilimo ndicho kilichomvutia Gosset kuliko yote. Guinness ilishirikiana na idara ya kilimo ya Ireland kujaribu mbegu za shayiri katika mashamba ya wakulima wa kawaida, naye akawa mtu wa kuzisoma takwimu hizo. Alifanya kazi kwa ukaribu pia na Edwin Beaven, mkuzaji mbegu wa Warminster nchini Uingereza. Ni katika kazi hiyo alipoanza kusisitiza jambo ambalo mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya atalielewa bila kufundishwa. Shamba halina usawa. Mwenye kipande Runyenjes au Manyatta anajua kwamba mvua huteremsha udongo mzuri hadi bondeni. Akipanda mbegu mpya yote upande wa chini na ya zamani yote upande wa juu, mteremko ndio utakaoshinda.

Dawa ya Gosset ilikuwa kupanda mbegu hizo mbili bega kwa bega, ukanda kwa ukanda, ili kila ukanda wa mbegu mpya uwe na jirani wa mbegu ya zamani aliyepata udongo uleule na mvua ileile. Kinacholinganishwa ni majirani, si ncha mbili za shamba. Tena alitaka jaribio lirudiwe katika mashamba mengi ya sehemu mbalimbali, kwa kuwa kampuni hununua shayiri ya nchi nzima wala si ya shamba moja la maonyesho.

Hapo ndipo alipotofautiana na rafiki yake mkubwa, Ronald Fisher. Wawili hao walianza kuandikiana mwaka 1912, Fisher akiwa bado mwanafunzi Cambridge. Kijana huyo alimpelekea Gosset uthibitisho kamili wa kanuni ya t, hesabu nzito kiasi kwamba Gosset alikiri haikumwingia na akaipeleka kwa Pearson. Baadaye Fisher aliipanua kanuni hiyo na kuieneza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1925 kilichoandikiwa watafiti. Bila Fisher, t ingeweza kubaki siri ya watengenezaji bia.

Fisher alishikilia kwamba ni lazima kura ipigwe kuamua mbegu ipi ipandwe wapi, ili upendeleo usipate pa kuingilia. Gosset alijibu kwamba kura yaweza kuiweka mbegu moja penye rutuba kwa bahati mbaya tu, na kwamba mtu anayeuona mteremko kwa macho yake hana sababu ya kujifanya kipofu. Ubishi huo ulichacha katika miaka yake ya mwisho, na makala yake ya mwisho juu yake yalitoka mwaka 1938, yeye akiwa kaburini. Wengi wa watakwimu waliofuata walimpa Fisher ushindi, ijapokuwa hoja ya Gosset haijawahi kufa. Cha ajabu ni kwamba Fisher, aliyekosana na karibu kila mtu, hakuwahi kuugeuza urafiki huo kuwa uadui. Pearson naye alikuwa hasimu wa Fisher, na Gosset aliendelea kupatana na wote wawili. Sifa hiyo yahitaji wasifu wake yenyewe.

Kulikuwa na tofauti nyingine isiyozungumzwa sana. Wasomi walitaka kujua kama tofauti kati ya mbegu mbili ni ya kweli. Gosset alitaka kujua kama inalipa. Tofauti yaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa ndogo kiasi cha kutofaa gharama ya kubadilisha mbegu; yaweza pia kuwa na shaka kidogo na bado ikafaa kujaribiwa, ikiwa faida yake ni kubwa na hasara yake ni ndogo. Mtu wa biashara hufikiri hivyo. Mkulima wa mtama wa Gadam huko Mbeere au Tharaka hufikiri hivyo pia, kwa kuwa alishaona mwaka 2013 jinsi ushuru mpya wa bia ya bei nafuu ulivyopunguza wanunuzi wa mtama wake, hata kama mavuno shambani yalikuwa mazuri.

Kisa kinachodhihirisha vizuri zaidi thamani ya jicho lake hakihusu bia bali maziwa. Mwaka 1930, katika jimbo la Lanarkshire huko Scotland, kulifanyika jaribio kubwa la kupima kama maziwa ya shuleni huwakuza watoto. Watoto 10,000 walipewa maziwa kila siku kwa miezi minne, na wengine 10,000 hawakupewa. Wakenya waliokuwa shuleni baada ya mwaka 1979, serikali ilipoanzisha maziwa ya Nyayo, wataelewa uzito wa swali hilo.

Mwaka uliofuata Gosset aliichambua ripoti ya jaribio hilo na kuonyesha ufa mkubwa ndani yake. Walimu waliruhusiwa kurekebisha makundi pale walipoona hayana usawa. Kwa huruma ya kawaida ya mwalimu, inaonekana waliwasukuma watoto maskini na dhaifu upande wa maziwa. Matokeo yake ni kwamba wasiopewa maziwa walikuwa wazito na warefu kuliko wenzao tangu siku ya kwanza. Isitoshe, watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo, mara ya kwanza Februari kwenye baridi kali, mara ya pili Juni kwenye joto. Mtoto wa tajiri alivua koti zito. Mtoto wa maskini hakuwa na koti la kuvua. Mizani ikasema mtoto wa tajiri hakuongezeka sana.

Watoto 20,000, na hesabu yenyewe haikuweza kuaminika. Gosset alipendekeza kwamba jozi 50 za mapacha wanaofanana, mmoja apewe maziwa na mwenzake asipewe, zingetoa jibu la kutegemewa zaidi kwa sehemu ndogo mno ya gharama.

Mtu huyu aliyewasumbua maprofesa hakutaka kuwa profesa. Alibaki Guinness miaka 38, na kazi ya takwimu aliifanya juu ya majukumu yake ya kawaida, mara nyingi usiku nyumbani. Majedwali ya t aliyokokotoa kwa ajili ya watafiti wengine, yakachapishwa mwaka 1925, yalitoka katika mashine ndogo za kuhesabia za kuzungushwa kwa mkono. Kampuni nayo ilikuja kumpa wasaidizi wa takwimu, muda mrefu baada ya jina la Student kutambulika ng'ambo.

Nje ya kazi alikuwa fundi wa kila kitu. Alikuza matunda, akachanganya mbegu za jamii ya rasiberi hadi akapata aina zake mwenyewe. Alivua samaki, alicheza gofu, alichonga mbao na kuunda mashua, mojawapo ikiwa na usukani mbele na nyuma. Mwaka 1934 aliligonga nguzo la taa kwa gari, akavunjika mguu na kulala kitandani miezi kadhaa; muda huo aliutumia kupiga hesabu.

Mwaka 1935 kampuni ilimhamishia London kusimamia upande wa sayansi katika kiwanda kipya cha Park Royal. Mnamo 1937 aliteuliwa kuwa mkuu wa watengenezaji bia wote wa Guinness, kilele cha kazi aliyoianza akiwa kijana wa miaka 23. Hakukifaidi cheo hicho. Alifariki kwa maradhi ya moyo Oktoba 16 mwaka huohuo huko Beaconsfield, akiwa na umri wa miaka 61, akiacha mjane, mwana mmoja na mabinti wawili.

Makala zake zilikusanywa na kuchapishwa katika kitabu mwaka 1942 chini ya uhariri wa Egon Pearson, mwana wa Karl, akisaidiana na John Wishart. Hata wakati huo, jina lililopewa nafasi katika anwani ya kitabu lilikuwa Student. Karani wa chama cha ushirika mjini Meru au mtafiti wa Embu anayefungua lahajedwali na kuita kanuni ya kulinganisha wastani wa safu mbili huandika herufi moja tu, t, na neno la jaribio. Jina la Gosset halimo, wala la kiwanda.